Noti mkononi au pesa kwenye simu: mchuuzi wa Kisumu achague ipi?

Jumapili sokoni Kibuye, muuza mitumba anakuonyesha namba ya tili, ya kupokelea malipo ya simu, iliyoandikwa kwa kalamu nene kwenye kadibodi kabla hujamaliza kuulizia bei. Vibanda vichache mbele, mama wa omena hataki simu. "Leta keshi, mwanangu, nina mtu namlipa sasa hivi." Hakuna mshamba kati yao. Kila mmoja amepiga hesabu yake, na hesabu hizo mbili ndizo ninazoziweka ubavu kwa ubavu hapa, kwa ajili ya mtu anayeanza biashara ndogo Kisumu, Luanda ya Vihiga au Chwele ya Bungoma na hajui aelemee wapi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Simu ni nafuu kwa pesa itakayobaki ndani ya simu, na noti ni nafuu kwa pesa itakayotumika kama noti. Gharama kubwa iko mpakani, pale pesa inapotoka upande mmoja kwenda mwingine. Wanaohubiri kwamba noti zife kabisa, na wanaoapa kwamba simu ni wizi mtupu, wote wanauruka mpaka huo.

Nani analipa, na analipa wapi

Kuweka pesa kwa wakala wa M-Pesa ni bure. Kuitoa ndiko kunakouma. Ni kama mgono wa kutegea samaki: mlango wa kuingilia ni mpana, wa kutokea unabana. Ndiyo maana huku kwetu ndugu akiomba msaada husema moja kwa moja, "Tuma na ya kutoa." Anajua asipoisema, yeye ndiye atakayekatwa.

Viwango vilivyoanza Julai 2023, baada ya Sheria ya Fedha kupandisha ushuru wa huduma za kutuma pesa kutoka asilimia 12 hadi 15, vinatoa picha hii ukituma kwa laini ya mtu naye akaenda kuitoa kwa wakala:

Sh100: kutuma bure, kutoa Sh11. Jumla Sh11, yaani asilimia 11.
Sh200: kutuma Sh7, kutoa Sh29. Jumla Sh36, asilimia 18.
Sh500: Sh7 na Sh29. Jumla Sh36, asilimia 7 na kitu.
Sh1,000: Sh13 na Sh29. Jumla Sh42, asilimia 4 na kitu.
Sh3,000: Sh53 na Sh52. Jumla Sh105, asilimia 3.5.
Sh10,000: Sh90 na Sh115. Jumla Sh205, kama asilimia 2.
Sh40,000: Sh108 na Sh278. Jumla Sh386, chini ya asilimia 1.

Tazama mstari wa Sh200. Mwenye kidogo anakatwa asilimia 18, mwenye Sh40,000 hafikishi hata moja. Watu wakisema pesa ya simu imemkomboa maskini, nawaonyesha mistari hii miwili kwanza, halafu tuendelee.

Bila shaka hakuna anayekimbilia kwa wakala kila akipokea Sh200. Mama mboga wa Nyalenda huziacha zijikusanye. Wateja kumi wa Sh200 wanampa Sh2,000, na kuzitoa mara moja ni Sh29 tu. Lakini wateja hao kumi wamelipa Sh70 za kutuma kati yao, kwa hiyo Sh99 zimeondoka kwenye biashara ya Sh2,000. Zingelipwa kwa noti, Sh99 hizo zingekuwa mafungu kadhaa ya sukuma.

Hapa ndipo uchaguzi wa njia ya kupokea unapokuwa na maana kuliko ule wa noti au simu. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni laini yako ya kawaida. Haina usajili wa ziada, ila mteja ndiye anayelipia kutuma, na pesa ya duka inachanganyika na ya karo na ya michango ya matanga hadi mwisho wa mwezi hujui umeuza nini.

Ya pili ni Pochi la Biashara. Mteja bado analipia kutuma, lakini pesa inaingia mfuko wake peke yake, unajisajili kwa simu bila karatasi za biashara, na mteja hawezi kuirudisha kwake bila wewe kukubali. Kwa mtu wa boda boda hilo la mwisho ni kubwa. Mchezo wa abiria kushuka Kondele usiku, kulipa, kisha kuomba M-Pesa imrudishie pesa akidai alikosea namba, unajulikana stejini kote.

Ya tatu ni tili ya Lipa na M-Pesa. Mteja halipi chochote. Wewe unakatwa asilimia 0.55 kwa malipo yanayozidi Sh200, na kwa Sh200 kushuka chini hukatwi. Chukua mauzo ya Sh3,000. Kwenye tili unakatwa Sh16.50. Kwa njia ya laini ya kawaida na kuitoa, Sh105 zimekwenda. Kuzitoa pesa za tili nako kunagharimu, kwa hiyo tili inampa raha zaidi mtu ambaye msambazaji wake wa jumla naye anapokea kwa simu. Kama unanunua unga na sukari kwa muuzaji wa jumla mwenye namba yake ya malipo, tili inashinda bila ubishi. Kama unanunua kabeji kwa mkulima aliyekuja na gari kutoka Kisii anayetaka noti ili amlipe dereva na wapakiaji, mpaka ule umekungoja palepale.

Mwizi wa njiani na mwizi wa simu

Wanawake wanaonunua samaki kwenye fuo za ziwa huondoka nyumbani kabla jogoo hajawika. Mtu akibeba Sh40,000 kwenye khanga kutoka Kisumu hadi Usenge, mtaa mzima unaweza kukisia yuko na kiasi gani, kwa sababu kila mtu anajua anakwenda kufanya nini. Sh386 za kuifikisha pesa hiyo kwa simu ni bima ya bei rahisi. Hapa sioni cha kulinganisha: kiasi kikubwa, safari ndefu, alfajiri, tuma. Kikomo cha kutuma kwa mara moja ni Sh250,000, na laini inabeba hadi Sh500,000, kwa hiyo mchuuzi wa kawaida haguswi na kikomo.

Ukinyang'anywa simu, pesa haijaenda mradi namba yako ya siri si mwaka wako wa kuzaliwa. Ukinyang'anywa noti, zimeenda.

Ila simu ina wezi wake, na hawa hawahitaji giza. Yupo anayepiga akidai ametuma pesa kwako kwa makosa, ujumbe ukiwa umetungwa ukafanana na wa M-Pesa. Yupo anayejifanya wa huduma kwa wateja na kukuomba namba ya siri. Wabaya zaidi ni wanaosajili upya laini yako kwenye kadi nyingine. Simu yako inapoteza mtandao ghafla, unadhani ni kawaida ya Safaricom siku ya mvua, kumbe mtu anakopa kwa jina lako. Noti bandia zipo pia, lakini noti bandia inakula Sh1,000 moja, haikopi.

Kanuni ya kaunta ni fupi: usisome ujumbe kwenye simu ya mteja, angalia salio lako. Ukituma kwa namba isiyo yake, peleka ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajatoa. Jumbe za matapeli zinapelekwa 333. Pesa ya simu ina nafasi ya kurudi ukiwahi, na hiyo ni faida ambayo noti haina.

Daftari, mkopo na macho ya watu

Hili ndilo eneo ambalo watu hulijadili kidogo kuliko linavyostahili, kwa hiyo nitakaa hapa.

Malipo ya simu yanaandika daftari ambalo wewe mwenyewe usingeliandika. Mweka hazina wa chama anayepokea michango kwa simu hawezi kusema "Mama Akinyi hajatoa" wakati ujumbe upo. Kwenye matanga, familia inayoweka namba moja ya malipo inaepuka ugomvi wa nani alishika bahasha. Nimeona vyama vingi vikivunjika kwa sababu ya kisanduku cha bati na funguo zake kuliko kwa sababu ya umaskini. Kwa chama, simu. Sina mjadala.

Daftari hilohilo linakufungulia mkopo. M-Shwari ilianza mwishoni mwa 2012, Fuliza ikafuata mwaka 2019, na zote zinatazama pesa inavyopita kwenye laini yako ili kuamua ukopeshwe kiasi gani. Mtu anayeuza kwa noti tupu, hata akiuza zaidi yako, mbele ya mkopeshaji wa aina hiyo ni kama hayupo.

Sasa geuza upande wa pili. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa ya kwanza kuingia kwenye laini inalilipa deni kabla hujaigusa. Ulikuwa umeipangia hiyo Sh800 kununua mafuta ya kukaangia mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyotolewa minofu) pale Obunga, lakini mkopeshaji amekula kwanza. Noti hazina tabia hiyo. Noti inakuja kwako kwanza, kisha wewe unaamua nani asubiri: mwenye nyumba, mwalimu wa hesabu au mtu wa stima. Mwenye biashara changa anahitaji sana uhuru huo wa kumwambia mtu "ngoja hadi Ijumaa", na pesa ya simu inamnyang'anya polepole, kwa mikato midogo midogo. Kwa mtu anayejijua ni mwepesi wa kubonyeza Fuliza, ningemshauri apokee sehemu ya mauzo kwa noti kwa makusudi, hata kama ana tili.

Kuna pia Mamlaka ya Ushuru. Tangu Julai 2023 biashara yenye mauzo yanayozidi Sh1 milioni kwa mwaka, hadi Sh25 milioni, inatakiwa kulipa asilimia 3 ya mauzo, kutoka asilimia 1 ya awali. Wengi sokoni wanaikwepa tili kwa hofu hiyo, na hawasemi. Hofu ni halali, ila ipimwe: Sh1 milioni kwa mwaka ni kama Sh2,740 kwa siku bila kupumzika hata Krismasi. Mama wa nyanya kwa mafungu hafiki huko mara nyingi. Mwenye duka la jumla Kondele anafika, na huyo hata akiuza kwa noti sheria inamhusu vilevile. Linalobadilika ni kama kuna rekodi au hakuna.

Halafu macho ya nyumbani. Noti zilizofichwa kwenye pipa la unga zinajulikana na watoto wote. Namba ya siri, mume au shemeji haijui, isipokuwa ameomba simu "apige picha kidogo". Wanawake wengi niwajuao wanaiweka akiba kwenye simu kwa sababu hiyo moja, na hakuna mjadala wa uchumi utakaowatoa huko.

Siku mtandao ukilala

Julai 2023 mashambulizi ya mtandaoni yaliiyumbisha eCitizen na kuvuruga M-Pesa pia. Agosti 25 mwaka huohuo stima ilipotea karibu nchi nzima. Mei 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilikatika na Afrika Mashariki ikatambaa. Kila mara aliyekuwa na Sh500 mfukoni alipanda matatu akaenda nyumbani.

Si sisi tu. Aprili 28, 2025 Uhispania na Ureno zilikaa gizani kwa saa nyingi, mashine za kadi zikawa mapambo, na waliokuwa na noti wakanunua mkate na betri. Sweden, nchi iliyokuwa ikisifiwa kwa kukaribia kuziaga noti, mwaka 2024 iligawa kijitabu cha kujiandaa kwa dharura nyumba hadi nyumba, kikiwataka watu waweke noti za kutosha wiki moja, zenye thamani tofauti. Tangu 2021 sheria yao inazilazimisha benki kubwa kuendelea kutoa huduma za pesa taslimu. Nchi iliyotangulia kwenye njia hii imesimama ikageuka kutazama nyuma. Sisi ambao stima yetu inakatika bila kijitabu tuna sababu zaidi ya kufanya hivyo.

Lakini noti nazo hufa. Juni 1, 2019, siku ya Madaraka kule Narok, Gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alitangaza kwamba noti za zamani za Sh1,000 zingekoma Septemba 30. Zilipohesabiwa, noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi. Nyingi pengine zilikuwa za watu wenye sababu za kutojitokeza benki, ila bila shaka kulikuwa na bibi wa kijijini aliyezishona kwenye godoro. Nigeria ilifanya kubaya zaidi mapema 2023: noti za zamani za naira 200, 500 na 1,000 ziliondolewa huku mpya hazitoshi, watu wakalala kwenye foleni za benki na kununua noti kwa bei ya juu, hadi Mahakama ya Juu ikaamuru Machi kwamba za zamani ziendelee hadi mwisho wa mwaka. Aliyekuwa na pesa yote kwenye noti aliumia. Aliyekuwa nayo yote benki aliumia pia, kwa sababu soko lilikuwa la noti.

Wasioshika simu

Kuna mzee wa Seme ambaye namba yake ya siri inajulikana na mjukuu na wakala, kwa kuwa macho hayasomi skrini. Kwake pesa ya simu ni pesa iliyoshikwa na watu wengine wawili. Kuna kijana asiye na kitambulisho, kwa hiyo hana laini ya jina lake. Kuna mtoto aliyetumwa dukani na Sh50. Jiji lisilo na noti linawageuza wote hao kuwa waombaji wa fadhila, na kwangu mimi hoja hiyo inatosha kukataa wazo la kufuta noti hata kama gharama zote za juu zingekuwa sifuri.

Serikali ilijaribu kwenye matatu. Mwaka 2014 iliagiza nauli ilipwe kwa kadi, ikaweka tarehe ya mwisho, ikaisogeza, na mpango ukafifia. BebaPay ya Google na Equity Bank, iliyoanza 2013, ilifungwa 2015. Kadi zilikuwa nyingi na hazikusomana. Zaidi ya hapo, konda analipwa jioni kwa noti, anayeita abiria stejini analipwa kwa noti, na askari wa barabarani hana mashine ya kadi. Kilichofaulu baadaye ni abiria kumtumia dereva au konda kwa simu, kwa hiari, mvua inaponyesha na chenji imekosekana. Watu wa Kisumu hawakuikataa simu. Walikataa kulazimishwa.

Basi uelemee wapi

Mboga, mayai, chapati, chochote ambacho wateja wake wengi wanalipa Sh200 kushuka chini: fungua tili, uiweke waziwazi, na chenji ibaki kwenye aproni. Usiwalazimishe wateja kutuma kwenye laini yako, kwa sababu hapo wao ndio wanaokatwa, na mwenye tili wa kibanda cha pili anawangoja.

Boda boda na fundi wa kuitwa nyumbani: Pochi, kwa ajili ya ile kinga dhidi ya pesa kurudishwa. Weka noti za kutosha petroli ya kesho asubuhi.

Samaki na nafaka za jumla: tuma pesa kubwa, beba ndogo. Kabla hujasafiri, mpigie mwuzaji umuulize kama wakala wa hapo ufuoni ana noti za kutosha. Siku ya soko mawakala wadogo huishiwa noti kufikia saa tano, na mwuzaji ambaye hajaweza kutoa pesa yako hatakupakilia mzigo.

Nyumbani, matumizi ya wiki moja kwa noti, nyingi za Sh50 na Sh100. Usirundike Sh1,000 tupu, kwa sababu siku mtandao ukilala hakuna atakayekuwa na chenji.

Na kama biashara yako inavuka Busia, ondoa mpango wa kwenda na simu peke yake. Unaweza kutuma shilingi upande wa Uganda kutoka kwenye M-Pesa, lakini linganisha kwanza kiwango cha kubadilisha na cha wale wanaosimama mpakani na mabunda ya noti, kisha ujumlishe ada. Kwa mzigo mdogo wa ndizi au maharagwe, mara nyingi mwenye noti ndiye anayepewa bei ya mwisho.